Zohali yangu haina pete, darubini imeharibika au?

mgeni_wa_nyota · 22 Novemba 2025, saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku, naombeni msaada maana hapa nimechanganyikiwa.

Nina darubini ndogo aliyoniachia shemeji yangu alipohama. Lenzi ya mbele ni milimita 70, ubavuni imeandikwa urefu wa fokasi 700, na imekuja na vilenzi vitatu vya kuchungulia: cha 25, cha 10 na cha 4. Mwaka juzi miezi kama hii hii shemeji alinionyesha Zohali kwa darubini hiyo hiyo na pete niliziona kwa macho yangu, ndogo lakini wazi kabisa, kama kofia ya ukingo mpana ukiitazama kwa pembeni, sijaisahau ile picha mpaka leo. Baada ya hapo ikakaa kwenye boksi lake.

Sasa jana anga lilikuwa safi, Mwezi hakuna, nikaitoa nje nikaitafuta Zohali nikaipata. Nina uhakika ni yenyewe maana haimetimeti na programu ya simu nayo inaonyesha pale pale. Nikaweka kile cha 10. Pete hamna! Kuna kaduara kadogo ka njano iliyopauka na kama uzi umepita katikati ukatokeza huku na huku, na huo uzi wenyewe ukiukazia macho unapotea. Nikaweka cha 4 nikijua sasa ntaona vizuri zaidi, ikawa ukungu mtupu unaochezacheza.

Nimefuta lenzi na kitambaa, hali ni ile ile. Hapa bisibisi iko mezani nataka nifungue lenzi ya mbele nione kama imehama mahali pake. Nifungue au nisifungue? Na kama Zohali imeshindikana, kuna nini kingine cha kuangalia kwa kifaa kama hiki kuanzia sasa mpaka Machi hivi? Naskia pia kuna kitu kimetoka nje kabisa ya mfumo wa Jua kinapita, kinaonekana kweli?

---

Kilimia · saa 4:31 usiku

Rudisha bisibisi mkuu, tafadhali sana, usifungue kitu. Darubini yako ni nzima, na hicho ulichokiona ndo Zohali ilivyo sa hizi. Huo uzi ndo pete zenyewe.

Iko hivi. Mhimili wa Zohali umeinama kama digrii 27, na pete zake zimezunguka ikweta yake, kwa hiyo nazo zimeinama hivyo hivyo. Inamaliza mzunguko mmoja wa Jua kwa miaka 29 na ushee, na muda wote huo mhimili unaelekea upande ule ule, hauyumbi. Sisi huku ndani karibu na Jua kuna miaka tunaziangalia pete kwa juu, kuna miaka tunaziangalia kwa chini, na kila baada ya miaka 13 hadi 16 hivi tunakuwa tumelingana nazo, tunabaki kuona ukingo tu. Chukua kitabu chembamba ukishike kimelala chini ya kidevu, unaona jalada lote si ndio, sasa kipandishe taratibu mpaka kilingane na macho. Jalada limepotea na kitabu bado unacho mkononi.

Mwaka huu tarehe 23 Machi ndo Dunia ilivuka ule usawa wa pete, ila bahati mbaya siku zile Zohali ilikuwa jirani na Jua angani kwa hiyo watu wengi hawakuambulia kitu. Baadaye zikafunguka kidogo, katikati ya mwaka zikafika kama digrii 3 na nusu, halafu zikaanza kufunga tena kwa sababu na sisi tunatembea kwenye njia yetu na pembe ya kuangalia inabadilika. Na mwisho wa kufunga ni wiki hii hii mkuu, tarehe 23 na 24, mlalo wake haufiki hata nusu digrii! Yaani umeacha darubini kwenye boksi miaka miwili ukaja kuitoa kwenye usiku ambao pete ni nyembamba kuliko usiku mwingine wowote wa kuangalia vizuri utakaoupata kwa miaka mingi ijayo. Kuvuka usawa kwingine ni mwaka 2038.

Kuhusu wembamba wenyewe, watu wengi hatuuelewi mpaka tupige hesabu. Pete zile kubwa ni kama kilomita 280,000 toka ncha moja hadi nyingine, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu, kuna sehemu kama mita 10. Sasa karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukitaka karatasi hiyo iwe na uwiano sawa na pete za Zohali, upana wake inabidi ufike kilomita 2.8. Halafu simama uiangalie kwa ukingo! Kwa hiyo kuuona huo uzi kwa lenzi ya milimita 70 si jambo dogo, hilo anga lako lilikuwa zuri sana jana.

Na hauko peke yako katika kushtuka. Galileo mwaka 1610 aliiona Zohali kama nyota moja kubwa yenye mbili ndogo ubavuni, darubini yake haikuweza kuonyesha zaidi ya hapo, halafu mwaka 1612 akaangalia tena akakuta zile za pembeni hazipo, ikamtatiza kweli kweli. Aliyekuja kulielewa ni Mholanzi Christiaan Huygens, akachapisha mwaka 1659 kwamba ni pete nyembamba, bapa, isiyogusana na sayari popote, na akaeleza kwa nini inakuja na kupotea. Hiyo ni karibu miaka 50 ya watu wenye akili zao kukuna vichwa kwa kile kile ulichokiona jana.

Mwakani zitakuwa zimefunguka tena kidogo, na kuelekea 2032 zitafunguka hadi mwisho. Ila mimi ningekuwa wewe kesho ningetoka tena.

---

MamaSuheli · saa 4:50 usiku

Kilimia kamaliza upande wa pete, mimi niongezee upande wa kifaa.

Mdogo wangu, hicho kilenzi cha 4 kiweke kando kabisa. Hesabu ni rahisi, gawa 700 kwa namba ya kilenzi: cha 25 kinakuza mara 28, cha 10 mara 70, cha 4 mara 175. Na darubini yoyote, hata anga liwe tulivu vipi, inabeba kama mara mbili ya milimita za lenzi yake ya mbele, kwa hiyo ya 70 mwisho wake ni 140. Ukivuka hapo hauongezi kitu cha kuona, unatanua ukungu tu. Wanaouza darubini ndogo wanapenda kuweka kile kilenzi kikali kwenye boksi ili waandike namba kubwa kwa nje, na watu wengi wamekata tamaa kwa ajili yake wakidhani wao ndo hawajui.

La pili, ukitoa darubini ndani ya nyumba iache nje nusu saa kabla ya kuangalia. Kioo na hewa ya ndani ya mrija vinatakiwa vipoe vilingane na nje. Ule mchezomchezo uliouona, kama unaangalia chini ya maji, sehemu yake ilitoka hapo. Sehemu nyingine ni hewa ya angani yenyewe, hiyo huna la kuifanya zaidi ya kusubiri Zohali ipande juu, maana ikiwa chini karibu na upeo unaiangalia kupitia hewa nene.

La tatu, na hili nakuomba kwa upole, usifute tena lenzi na kitambaa. Ule utando wa rangi ya zambarau au kijani unaouona juu ya kioo unakwaruzika haraka na haurudi. Vumbi kidogo halizuii chochote. Tumia kile kipulizio cha mpira kupeperusha vumbi halafu iache.

Na macho yako nayo ni kifaa. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 za giza ndo yafunguke sawasawa, na ukiwasha skrini ya simu mara moja tu unaanza upya. Programu ya simu iweke kwenye rangi nyekundu, zote nzuri zina sehemu ya kubadili. Kitu hafifu usikikazie macho, angalia pembeni yake kidogo, utakiona kinajitokeza, kwa sababu sehemu ya katikati ya jicho ni hodari wa rangi na undani ila gizani ni dhaifu. Huo uzi uliokuwa unapotea ukiukazia macho, jaribu hivyo kesho.

---

mgeni_wa_nyota · saa 5:05 usiku

Aisee. Bisibisi nimerudisha. Yaani nilikuwa nimebakiza dakika kumi niharibu kitu kizima, asanteni sana sana. Mama Suheli hiyo ya kuangalia pembeni sikuwahi kuisikia, kesho ntajaribu. Na kile cha 4 nimekifungia kabatini.

Vipi kuhusu yale mengine, hadi Machi?

---

Mshale · saa 5:20 usiku

Mshtarii mkuu, Mshtarii! Kwa darubini ya 70 ndo mwenyewe hasa. Sa hizi unachomoza katikati ya jioni na usiku, uko jirani na zile nyota mbili za Mapacha, huwezi kukosea maana hakuna nyota inayoukaribia kwa mwanga. Tarehe 10 Januari Dunia itakuwa katikati yake na Jua, kwa hiyo utachomoza Jua likizama na kukaa juu usiku kucha, na ndo utakuwa karibu nasi kuliko wakati wowote wa msimu huu.

Weka cha 25 kwanza, utaona ile miezi minne imejipanga mstari. Weka cha 10 utaona mikanda miwili ya kahawia. Ila utamu wenyewe uko kwenye kurudi. Chora kwenye daftari nukta zilivyo saa 5 usiku, chora tena saa 8, utakuta mmoja wao, Io, umesogea, huo unazunguka kwa saa 42 na nusu tu. Kuna usiku utahesabu mitatu, wa nne uko nyuma au umepita mbele ya sayari. Nukta hizo hizo ndo mwaka 1676 zilimfanya mtaalamu wa nyota Ole Rømer agundue kwamba mwanga una mwendo, haufiki papo hapo, kwa sababu Io ilikuwa inaingia kivulini mapema au kuchelewa kulingana na umbali tuliopo. Alitumia saa na darubini, basi.

Na unapoiangalia ile nukta ya Europa, mwingine wa miezi hiyo minne, kumbuka kuna chombo kiko njiani kwenda huko. Europa Clipper ya Marekani iliruka 14 Oktoba 2024 itafika 2030, na JUICE ya Ulaya iliyoondoka Aprili 2023 itafika 2031, halafu mwishowe itakaa kuzunguka Ganymede, mwingine tena wa miezi hiyo. Mimi hilo huwa linanisisimua kila ninapoangalia, unaona kinukta na unajua kuna watu wameshatuma kitu kwenda kukigusa karibu.

---

kozi_wa_usiku · saa 5:41 usiku

Umesahau vimondo vya Desemba, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, vinaitwa Jeminidi. Ila hivyo ni kwa watu wa kaskazini tu, wa kusini msijisumbue.

---

Mshale · saa 5:48 usiku

Sio kweli kozi, samahani. Kusini vinaonekana, ni vichache zaidi tu kwa sababu sehemu vinapoonekana kuanzia, pale karibu na Castor, moja ya zile nyota mbili za Mapacha, haipandi juu sana na inachelewa kuchomoza. Mtu wa kaskazini anaweza kuanza saa 3 au 4 usiku, mtu wa kusini asubiri saa 7 hadi saa 9 usiku. Walioko karibu na ikweta wanapata sehemu kubwa tu ya mvua yenyewe. Nimeshaviangalia kutoka kusini ya mbali na nikahesabu zaidi ya 30 ndani ya saa moja, na kimoja kilikata anga lote polepole kikiwa na rangi ya njano, nilisimama bila kujua nimesimama.

---

kozi_wa_usiku · saa 5:55 usiku

Sawa nimekubali, nilisoma mahali nikaamini moja kwa moja. Asante kwa kusahihisha.

---

Kilimia · saa 6:10 usiku

Na mwaka huu Mwezi umetuhurumia, tarehe 13 utakuwa umebaki kipande na unachomoza usiku umeshaenda sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya usiku ni giza. Kwenye vitabu utasoma vimondo 120 kwa saa, hiyo ni hesabu ya anga jeusi kabisa na chanzo kikiwa utosini, usije ukaenda na matarajio hayo ukahuzunika. Pata hata 40 ni usiku mkubwa.

Jeminidi vina jambo lake ambalo mimi nalipenda. Mvua nyingi za vimondo chanzo chake ni nyotamkia, barafu na vumbi linaloachwa njiani. Hii chanzo chake ni kitu kinaitwa Phaethon, kinaonekana kama jiwe tu, asteroidi, kinachopita karibu mno na Jua, karibu kuliko hata Utaridi. Chembe zake zinaingia kwenye hewa yetu kwa kilomita 35 hivi kwa sekunde, ambayo kwa vimondo ni mwendo wa wastani, ndo maana unaona vinapita kwa utulivu, si ule mchomo wa ghafla.

Darubini siku hiyo iache ndani mgeni. Lala chali, jifunike, angalia eneo kubwa la anga upande wowote wenye giza zaidi, kaa saa nzima. Dakika kumi hazitoshi, vimondo vinakuja kwa vikundi, unaweza kukaa dakika nane hamna kitu halafu vitatu ndani ya nusu dakika.

Vile vimondo vya tarehe 3 Januari, Kwadrantidi, safari hii vipotezee. Mwezi mpevu usiku ule ule.

---

msomaji_kimya · 23 Novemba, saa 1:15 asubuhi

Nimekuwa nasoma hapa siku nyingi bila kuandika, leo niulize na mimi. Hakuna aliyejibu kuhusu kile kitu cha nje ya mfumo wa Jua. Kaka yangu ananitumia video kila siku kwamba ni chombo cha viumbe wengine na wanasayansi wanaficha. Ukweli ni upi? Nauliza kwa nia njema, nataka nimjibu vizuri bila kumdharau.

---

MamaSuheli · saa 2:02 asubuhi

Umeuliza vizuri na uandike mara nyingi zaidi.

Kinaitwa 3I/ATLAS. Ile 3 ni kwamba ni cha tatu kujulikana cha aina hiyo, cha kwanza kilikuwa ʻOumuamua mwaka 2017, cha pili Borisov mwaka 2019. Kiligunduliwa tarehe 1 Julai mwaka huu na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile, mradi wenyewe kazi yake ni kutafuta vitu vinavyoweza kuigonga Dunia. Tulijuaje kimetoka nje? Kwa mwendo. Kilikuwa kinakuja kwa kama kilomita 58 kwa sekunde kikiwa bado mbali, na hiyo ni zaidi ya kile ambacho mvuto wa Jua unaweza kukizuia kisitoroke. Kitu kilichozaliwa huku kwetu kinazunguka, kinarudi. Hiki njia yake imenyooka karibu kama mshale uliopinda kidogo, kimekuja, kinapita, kinaondoka na hakirudi tena.

Ni nyotamkia. Kina wingu la gesi na vumbi, kina mkia, kilipokaribia Jua mwisho wa Oktoba kikawa kinatoa gesi zaidi kama nyotamkia zote zinavyofanya. Vyombo vilivyoko Mirihi vilikipiga picha mwanzoni mwa Oktoba kilipopita kama kilomita milioni 30 kutoka kule, na juzi tarehe 19 NASA wameziweka picha hadharani na wakasema waziwazi ni nyotamkia. Tena Ulaya nao walikuwa wamekipiga kwa vyombo vyao. Darubini za nchi nyingi na watu binafsi wenye vifaa vikubwa majumbani wamekiangalia miezi yote hii, hapo hakuna wa kuficha na hakuna wa kufichwa.

Kaka yako mwambie hivi: jiwe la barafu lililotengenezwa kando ya nyota nyingine kabisa, likazurura gizani pengine kwa mabilioni ya miaka, limepita mlangoni kwetu na tumeliona likipita. Mimi nikiwaza hivyo moyo unanijaa, sihitaji chombo cha mtu ndani yake.

Tarehe 19 Desemba kitakuwa karibu nasi kuliko wakati wote, na karibu yenyewe ni kilomita milioni 270. Kwa darubini ya mgeni ya milimita 70 hapana, hakitaonekana, inahitaji kubwa zaidi na anga jeusi.

---

Mshale · saa 2:40 asubuhi

Nimalizie za hadi Machi maana jana nililala.

Tarehe 4 Desemba ni Mwezi mpevu ulio karibu na Dunia, mzuri kuutazama ukichomoza, ila kwa darubini Mwezi mpevu ni bapa, hauna vivuli. Bora uangalie siku ya sita au ya saba baada ya mwandamo, ukifuata ule mstari unaotenganisha mwanga na giza, hapo makreta, yale mashimo ya Mwezi, yanasimama na milima inatupa vivuli virefu. Kilenzi cha 10 kinatosha.

Januari na Februari ni za Jabari, au Orioni, yule mwenye mkanda wa nyota tatu. Chini ya mkanda kuna upanga wake na katikati ya upanga kuna kitu kama pumzi kwenye kioo, hiyo ni Nebula ya Orioni, kama miaka 1,300 ya mwanga kutoka hapa, na nyota zinazaliwa mle ndani. Weka cha 25. Ukitulia utaona katikati yake nyota nne zimekaa karibu karibu, na hizo ndo zinazoliwasha lile wingu. Kile kikundi cha nyota cha Kilimia nacho kiko juu muda huo huo, ila kwa darubini yako kitabanana kwenye lenzi, ukipata darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 kwa lenzi za milimita 50, ndo utakiona chote vizuri. Wa kusini msisahau Mawingu ya Magellan, yale ni magalaksi mawili yanayoonekana kwa macho matupu, na kwenye lile kubwa ndo nyota ililipuka ikaonekana mwaka 1987.

Tarehe 3 Machi Mwezi utapatwa wote, karibu saa nzima utakuwa mwekundu. Watakaouona ukipatwa wote ni walioko Asia ya mashariki, Australia, Pasifiki na Amerika, hasa magharibi yake. Afrika na Ulaya ya magharibi hatumo safari hii, ila tarehe 28 Agosti utapatwa sehemu kubwa sana na huko utaonekana.

Na kati ya Februari na Aprili kama mambo yakienda sawa, Artemis II ya NASA imepangwa kuruka na watu wanne kuzunguka Mwezi na kurudi. Tangu Apollo 17 Desemba 1972 hakuna binadamu aliyefika huko. Siku hizo weka darubini kwenye Mwezi, hautawaona, lakini angalia tu.

---

mgeni_wa_nyota · 27 Novemba, saa 3:25 usiku

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilitoka usiku wa 24, siku ile ile uliyosema Kilimia. Nikaiacha darubini nje nusu saa, simu nikaigeuza nyekundu nikaiweka mfukoni, nikakaa gizani kimya. Kilenzi cha 10. Mwanzoni duara tupu, uzi hamna kabisa nikasema haya umekwisha. Nikafanya ile ya Mama Suheli, nikaangalia pembeni kidogo kuelekea juu. Ukatokea! Mwembamba kuliko mara ya kwanza, kama unywele, huku na huku, sawa kwa sawa. Unakaa sekunde mbili tatu hewa ikitulia halafu unazama, halafu unarudi. Nilikaa pale kama dakika arobaini na shingo inauma, sikutaka kuondoka.

Sasa kuna kitu kingine. Kwenye mstari ule ule wa uzi, kama ungeuvuta uendelee, kulikuwa na kinukta, mbali kiasi cha kama pete moja na nusu au mbili kutoka kwenye sayari, upande ule ambao Zohali inaelekea ikiwa inatoka nje ya lenzi. Nikakichora. Nikajua ni nyota tu ya nyuma. Jana tarehe 26 nikaangalia tena, kiko mstari ule ule, upande ule ule, ila sasa kimesogea, kiko mbali kama pete nne. Nyota haiwezi kusogea hivyo si ndio? Ni nini hicho?

---

Kilimia · saa 3:38 usiku

Hicho ni Titan mkuu. Umepata mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, na umeupata mwenyewe bila kuambiwa, kwa penseli. Huygens aliupata hivyo hivyo mwaka 1655, nukta iliyohama.

Na umeona kwamba uko kwenye mstari wa uzi? Unazunguka karibu kabisa kwenye usawa wa pete, kwa hiyo pete zikiwa zimefunga hivi na wenyewe unaonekana unaenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kama ushanga kwenye waya. Pete zikifunguka utakuwa unapita juu na chini ya sayari, huu mpangilio unaondoka. Tarehe 23 ulikuwa unapita mbele ya Zohali, ndo maana 24 uliukuta karibu. Upande huo unaoenda kwanza nje ya lenzi ni magharibi. Leo hii uko kwenye mwisho wake wa magharibi, kuanzia kesho utauona unarudi.

Una hewa nzito kuliko ya Dunia na una maziwa na mito ya methani. Mwaka 2005 chombo kilichoitwa Huygens kilitua pale kwa parachuti, na kuna kingine kinaandaliwa, Dragonfly, chenye mapanga kama helikopta, kimepangwa kuondoka 2028.

Mzunguko wake ni siku 16. Kwa hiyo kama tarehe 1 Desemba utakuwa unapita nyuma ya Zohali, huenda usiuone. Tarehe 5 utafute upande wa pili, mashariki, umbali ule ule wa pete nne. Tarehe 29 Mwezi wetu utakuwa jirani na Zohali mwanga wake utakusumbua, usijali, Titan una mwanga wa kutosha utauona tu.

---

mgeni_wa_nyota · saa 3:44 usiku

Nimeandika kwenye daftari: tarehe 1 huenda hamna, tarehe 5 mashariki. Anga bado liko wazi sa hizi, natoka tena.